Mpelelezi anayekosea

Wasomaji wa hadithi za Inspekta Morse, polisi wa mji wa Oxford katika Uingereza, hawapatani. Colin Dexter alitunga vitabu 13 vya hadithi hizo ndefu, tangu 1975 hata 1999. Wengine husema: Mtu huyu ana majivuno, anapenda pombe, na mara nyingi humshuku asiye na hatia. Wengine humsifu kwa akili zake.

Mimi nampenda kwa sababu ya makosa yake. Akiona ya kuwa amekosea, huyaacha mawazo yake na kuanza tena, pamoja na sajini wake Lewis.

Nilipomsoma, nilikumbuka kosa langu. Siku moja kitabu kilipotea darasani. Nilimwadhibu mtoto mmoja, kwa kuwa alikuwa maskini tu. Baada ya siku tatu nilikikuta ndani ya sanduku langu mwenyewe. Nikanyamaza juma zima, nikiogopa kupoteza heshima. Kisha nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Hakujibu neno, aliinama, akalia.

Ndugu wasomaji, kumtafuta mkosaji ni haki. Lakini tuanze kutafuta katika sanduku letu.