Siku hizi siisemi tena kauli ya "ajali haina kinga"

Ewe msomaji, bila shaka umewahi kuisikia kauli kwamba ajali haina kinga. Huenda uliisikia matangani, au kando ya barabara matatu ilipopinduka, au nyumbani kwako sufuria ya uji ilipommwagikia mtoto. Mimi pia niliisema kwa miaka mingi. Niliisema hasa siku moja ya mwaka wa 2014, nikiwa nimesimama katika varanda ya hospitali, shati langu limelowa damu isiyokuwa yangu. Leo nataka nikueleze kwa nini siisemi tena.

Wakati huo nilikuwa msimamizi katika karakana moja ya useremala mjini Nakuru. Tulikuwa wafanyakazi 23. Tulitengeneza vitanda, milango, na yale madawati ambayo shule huagiza kwa pupa kila Januari. Katikati ya karakana palikuwa na msumeno wa umeme, ule wa duara unaochomoza kwenye meza ya chuma. Ulipoletwa ulikuwa na kinga yake, kifuniko kilichofunika meno na kuacha nafasi ya ubao tu.

Kinga hiyo ilichelewesha kazi. Ubao mpana ulikwama, ikabidi fundi asimamishe mashine na kuirekebisha. Siku moja fundi mmoja aliifungua kwa spana, akaiweka juu ya kabati la rangi. Nilimwona. Sikusema neno. Kazi ikaenda mbio, tajiri akafurahi, nami nikasifiwa kwa kuwa msimamizi hodari. Kinga ikakaa juu ya kabati hilo ikiota vumbi kwa miezi minane.

Yaliyofuata huenda umeshayakisia. Kijana wa miaka 22, aliyekuwa amefanya kazi nasi kwa muda usiozidi mwaka, alikuwa akipasua mbao jioni. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka, mkono wake wa kushoto ukateleza mbele. Alipoteza kidole cha shahada na kipande cha kile cha kati.

Sisi sote tulipigwa na butwaa. Mmoja alikimbia kutafuta majani ya chai ya kuweka kwenye kidonda. Mwingine alileta mafuta ya taa. Mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa pale, nilikiokota kile kidole. Nilikuwa nimesikia kwamba kidole kikitunzwa kwenye baridi daktari anaweza kukirudisha. Nikakimbilia kibanda cha soda kilichokuwa karibu na lango, nikaomba barafu, nikakitumbukiza kidole humo ndani, kikiwa kitupu.

Hospitalini daktari alikitazama, kisha akaniuliza, "Ni nani aliyekitia kidole hiki kwenye barafu?" Nikajibu kwamba ni mimi. Akakitazama tena, akakifunika. Hakuniambia kwamba kingepona. Wala hakuniambia kwamba kisingepona. Swali lake hilo moja nililala nalo na kuamka nalo kwa miezi mitatu.

Tuliporudi karakanani, tajiri alinitaka niandike barua kwamba kijana alizembea. Niliiandika, msomaji. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mshahara ulikuwa mmoja. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye barua hiyo, macho yangu yalitua ukutani, penye karatasi yenye majina ya wanakamati wa usalama. Jina langu lilikuwa la tatu. Kamati hiyo haikuwa imewahi kukutana hata siku moja. Karatasi ilibandikwa ili mkaguzi akija aione.

Mwishoni mwa mwaka huohuo rafiki yangu aliniambia kwamba chuo kimoja cha ufundi kilikuwa na kozi ya siku tano ya afya na usalama kazini. Tajiri alikataa kugharamia. Karo yake ilikaribia nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Mama watoto aliponisikia alinyamaza, kisha akauliza, "Baba watoto, hicho cheti kitatulisha?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba nilikuwa nimechoka kukesha. Akatoa sehemu ya pesa kutoka kwenye chama chake, akaniambia niende.

Nilikuwa na umri wa miaka 46. Darasani niliketi na vijana waliokuwa wakitafuta kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, na wengine waliokuwa na matumaini ya kuajiriwa kwenye visima vya mvuke kule Olkaria. Walidhani mimi ndiye mkufunzi. Nilipochukua dawati la nyuma walicheka, nami nikacheka nao.

Siku ya kwanza tulifundishwa sheria. Nilikuwa nikidhani kwamba usalama kazini ni hisani ya mwajiri. Kumbe nchi hii ilikuwa na Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, tangu enzi za ukoloni, na mwaka wa 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini kuchukua nafasi yake. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi ni lazima pawe na kamati ya usalama. Na mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ni wajibu wake kumwarifu msimamizi, na haifai arudishwe kazini hapo mpaka hatari iondolewe. Niliposikia neno "msimamizi" niliinamisha kichwa.

Mkufunzi, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi viwandani kwa miaka mingi, alituchorea ngazi ubaoni. Akatuambia kwamba hatari hushughulikiwa kwa mpangilio. Kwanza jiulize kama unaweza kuiondoa kabisa. Ikishindikana, tafuta kitu kisicho hatari kama hicho cha kwanza. Ikishindikana, mtenge mtu na hatari, kwa mfano kwa kuwekea mashine kinga. Kisha weka taratibu na mafunzo. Mwisho kabisa ndipo uje kwenye glavu, buti na miwani. "Lakini sisi," akasema, "huanzia mwisho. Tunanunua glavu, tunafikiri tumemaliza." Msomaji, karakanani kwetu hata hizo glavu hazikuwapo. Na baadaye alitufunza kwamba kwenye msumeno unaozunguka, glavu huweza kushikwa na meno na kuuvuta mkono ndani.

Siku ya pili ilikuwa ya moto. Nilijifunza kwamba mitungi ya kuzimia moto haifanani. Wa maji ni wa mbao, karatasi na nguo. Wa povu unaufaa moto wa petroli. Wa gesi ya kaboni unaufaa moto wa umeme. Ukimwaga maji kwenye mafuta ya kukaangia yanayowaka, moto huruka hadi darini. Zima jiko ukiweza, kisha funika sufuria kwa kifuniko na usiiguse mpaka ipoe. Tuliambiwa pia kwamba kanuni za mwaka wa 2007 zinataka mazoezi ya kukimbia moto yafanywe kazini angalau mara moja kila miezi 12. Mkufunzi aliuliza ni nani kati yetu amewahi kuyafanya. Hapakuinuka mkono.

Kisha akataja Sachangwan. Wengi wetu tulipakumbuka, kwani hapako mbali na Nakuru, kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Juma hilohilo moto ulikuwa umeteketeza duka la Nakumatt Downtown jijini Nairobi na kuua makumi ya watu. Mkufunzi hakutuhubiria juu ya tamaa. Alisema tu kwamba petroli hutoa mvuke usioonekana, mvuke huo hutambaa chini kama maji, na cheche moja iliyo mbali huweza kuufuata hadi kwenye mtungi. "Wangapi walijua hivyo?" akauliza.

Siku ya nne ilikuwa ya huduma ya kwanza. Tulipiga magoti sakafuni mbele ya sanamu ya mpira na kujifunza kumwamsha mtu ambaye hapumui na moyo wake umesimama: unakandamiza kifua mara 30, kwa kina cha takriban sentimita 5, kisha unampulizia pumzi mbili, na kuendelea hivyo. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kazi ngumu. Vijana wa miaka 20 walitoka jasho.

Ndipo tukafika kwenye viungo vilivyokatika. Mkufunzi alisema: mshughulikie mtu kwanza, kidole baadaye. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kidole kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Kisiguse barafu yenyewe, kwa sababu barafu huiganda nyama na kuiharibu.

Msomaji, nilitoka nje. Nilisimama chini ya mti wa mjakaranda mpaka mkufunzi alipokuja kuniuliza kulikoni. Nikamwambia yote: kinga juu ya kabati, barafu, hata barua. Hakunifariji. Aliuliza, "Ajali hiyo iliripotiwa?" Nikasema hapana. Akanieleza kwamba kuna Sheria ya Fidia kwa Walioumia Kazini, nayo pia ni ya mwaka wa 2007. Mwajiri ana siku saba za kuiarifu Idara ya Usalama na Afya Kazini, na kifo huarifiwa kwa muda wa saa 24. Fidia ya ulemavu kamili wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96, na aliyepoteza kidole hupata sehemu yake kulingana na jedwali lililomo katika sheria. Uzembe wa kawaida haumnyimi mtu haki hiyo. "Rudi ukaandike barua nyingine," akaniambia.

Niliirudi kazi nikiwa na cheti mkononi na hofu moyoni. Asubuhi ya kwanza nilipanda kwenye kiti, nikaishusha ile kinga, nikaifuta vumbi na kuifunga. Mafundi walinung'unika. Tajiri aliniuliza kama nilikwenda chuoni kujifunza kuchelewesha kazi. Nilimwonyesha kifungu cha sheria na barua yangu ya pili. Tulikaa wiki mbili bila kusemezana vizuri. Hatimaye alitia sahihi zile fomu, ingawa sidhani ilikuwa kwa mapenzi. Fidia ilichukua zaidi ya mwaka kutoka, lakini ilitoka.

Bado kulikuwa na jambo moja. Nilikwenda kumwona yule kijana katika kibanda chake, ambako alikuwa ameanza kuuza misumari, gundi na karatasi za msasa. Alinikaribisha kwa heshima, "Shikamoo mzee," akaniletea kigoda. Nikamweleza habari ya barafu. Nilimweleza polepole, bila kujitetea. Alikitazama kiganja chake kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mzee, ile kinga ya msumeno umeirudisha?" Nikamwambia nimeirudisha. Akatikisa kichwa kukubali, akageuka kumhudumia mteja. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Kwa nini nakusimulia haya, wewe ambaye huenda hujawahi kukanyaga karakana? Kwa sababu niliporudi kutoka chuoni niligundua kwamba nyumba yangu yenyewe ilikuwa kama karakana. Tulikuwa tukiingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha, bila kujua kwamba moshi si dalili pekee ya sumu, na kwamba gesi ile inayoua haina rangi wala harufu. Mtungi wa gesi tuliuweka karibu na moto. Sasa watoto wanajua kwamba wakinusa gesi hawagusi swichi ya taa. Wanafunga mtungi, wanafungua madirisha na kutoka nje. Kitinda mimba wangu alipounguzwa na chai mwaka uliofuata, dada yake alimweka mkono chini ya mfereji kwa dakika 20. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno. Mtoto wangu akamwambia, "Hapana mama, tunaweka maji tu." Mama watoto aliniangalia. Swali lake la cheti lilikuwa limejibiwa, na hakuna aliyelitaja tena.

Nawe mwanafunzi uliyemaliza kidato cha nne, unayehesabu alama na kukata tamaa, usizidharau kozi hizi fupi. Uliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba mkufunzi ametambuliwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, kwa maana matapeli hawakosi. Nawe mzazi uliyeajiriwa, kesho ukifika kazini tazama ukutani. Ukiliona jina lako kwenye orodha ya kamati, jiulize mlikutana lini mara ya mwisho.

Kisha tazama juu ya kabati.