Mara Tatu kwa Dakika

Moyo umependelewa. Taarabu yote ni yake, mashairi ni yake, hata mtu akiwa mchoyo tunasema ana moyo mbaya. Tumbo tunalitaja likiwa tupu au likiharibika, basi. Ila nalo lina mdundo wake, wala haliuombi kwa moyo: mara 3 kwa dakika, yaani kila sekunde 20 hivi, uwe umelala, uwe unakimbilia feri ya Likoni, uwe umekaa barazani Kibokoni huna habari.

Mdundo huo ni umeme. Unaanzia juu, upande wa tumbo uliopinda zaidi, kisha wimbi linashuka taratibu hadi kwenye mlango wa kutokea utumboni. Wimbi lenyewe halikamui chakula. Linapanga saa ya kukamua. Wanaolipiga ni seli ndogo zilizojibanza baina ya neva na misuli laini. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora mwishoni mwa karne ya 19, zikabaki na jina lake. Alizidhania ni aina ya neva, na kazi yake juu ya neva kwa jumla ilimpa Nobel mwaka 1906, akigawana na Camillo Golgi. Lakini siri ya seli hizi ilifunguka miaka ya 1990, watafiti walipochunguza panya waliozaliwa na upungufu wake na kukuta mawimbi ya utumbo mdogo hayapo. Misuli ipo, neva zipo, mshika ngoma hayupo. Chakacha gani hiyo?

Haya sikuyasoma darasani. Chuo niliacha karo ilipokwama. Nimeyasoma kwa simu, usiku, kwa sababu ya bibi yangu.

Bibi ana kisukari tangu mimi niko shule ya msingi, na mtaani alisifika kwa saumu yake. Sisi vijana saa tisa alasiri tushalegea, matumbo yananguruma, yeye yuko jikoni anapiga unga wa kaimati. "Mimi saumu hainiumi," alikuwa akisema. Majirani wakasema ni baraka.

Kule kunguruma kuna maana. Tumbo likishamaliza kazi, kila dakika 90 hadi 120 hivi hupita mikazo mikali inayofagia mabaki kuelekea chini. Kutoka daku hadi magharibi ufagio huo hupita mara kadhaa. Kwa bibi sidhani ulikuwa ukipita. Ramadhani moja, saa tisa hiyohiyo, alitapika mbaazi za daku. Nzima nzima, ungeweza kuzihesabu. Kumbe alikuwa hasikii njaa kwa sababu chakula kilikuwa bado kimo.

Ami akasema ni kijicho. Kliniki moja ikamtibu vidonda vya tumbo kwa miezi, vidonge juu ya vidonge. Mwishowe daktari mwengine akamuuliza swali moja tu: hicho unachotapika umekila saa ngapi? Akatueleza kwamba sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva za tumbo, na seli za Cajal nazo hupungua. Tumbo linabaki kama gunia.

Kilichonitia hofu si kutapika. Ni sindano. Insulini inaingia damuni kwa saa yake, huku chakula kimekaa juu kinasubiri. Sukari inaporomoka, bibi anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoshikana. Saa kadhaa baadaye chakula kinateremka, sukari inaruka. Shangazi alikuwa amekata shauri kwamba anaiba halua usiku.

Mwaka 1922 daktari Mmarekani, Walter Alvarez, alichapisha picha ya mawimbi haya ya tumbo la binadamu. Aliyapata kwa bibi mmoja mkongwe, mwembamba mno, ambaye ngozi ya tumbo ilikuwa nyepesi hivi kwamba mikazo ilionekana kwa macho. Mara 3 kwa dakika. Nikimvalisha bibi kanga siku hizi humfikiria yule mwenziwe.

Ramadhani iliyofuata daktari alimkataza kufunga. Ustadh wa msikitini kwetu akasema vivyo hivyo: mgonjwa ana ruhusa, atoe fidia, alishe maskini kwa kila siku. Bibi alinuna siku tatu. Kwake kutofunga ilikuwa kama kuambiwa ahame Mji wa Kale. Siku ya nne akaanza kupima mwenyewe mchele wa fidia, kibaba kwa kibaba, na haruhusu mtu aushike.

Sasa anakula mara 6 kwa siku, kidogo kidogo: uji, supu, viazi vya kuponda. Mbaazi hapana, mahamri ya mafuta hapana. Sindano tumepangiwa upya na daktari, na kabla ya kumdunga tunapima. Bado kuna siku zinazotushinda.

Juzi nilimchorea seli zenyewe nyuma ya bahasha, na mikono yao mirefu. Akaitazama ile karatasi sana.

"Kwani Marikiti haziuzwi?"

"Haziuzwi, bibi."

"Basi nipe uji. Na usinitilie wa ndege."