Katuni za Titanic, Kama Tulivyozitazama Tabora

Titanic ilizama Aprili 1912, mwaka uleule reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora. Reli hiyo ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, ile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga vizazi na vizazi, pembe za ndovu mabegani, kati ya Ujiji na Bagamoyo. Sisi hatuna bahari wala ziwa. Habari zote za majini zimetufikia kwa njia hiyo. Muda si mrefu baada ya reli kufika, masanduku yenye vipande vya meli ya Kijerumani, Graf von Goetzen, yalipita Tabora juu ya mabehewa kwenda kuungwa Kigoma.

Habari ya Titanic yenyewe ilichelewa sana. Ilitufikia kwa mkanda wa video, mwishoni mwa miaka ya tisini: filamu ya James Cameron ya 1997. Tuliitazama kwenye kibanda umiza kule Ng'ambo, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta ikinguruma nje. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, bingwa wa kutafsiri filamu kwa sauti yake. Wa kwetu hakuwa na jina, lakini alikuwa hodari. Alisimama kando ya runinga, akaingia kwenye kila mhusika, tajiri na maskini, akawapa maneno ya Kitabora kabisa. Watu walicheka tangu mwanzo. Meli ilipoinua mkia wake juu, akanyamaza. Hakutafsiri tena hadi mwisho, na hakuna aliyedai atafsiri.

Kila mtu pale alijua sababu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tabora ni njia panda ya reli: treni moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza, na aliyekuwa akienda Bukoba alishukia Mwanza akapanda meli. Kwenye mtaa wetu kulikuwa na nyumba iliyoweka matanga bila maiti. Tulikuwa tumesikia kwenye redio jinsi watu walivyokuwa wakigonga kutoka ndani ya meli iliyopinduka, na jinsi tundu lilipokatwa ili kuwaokoa, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikaenda chini. Ukishasikia habari kama hiyo, huwezi kuitazama Titanic kama sinema ya mapenzi tu.

Katuni zilikuja baadaye, enzi za CD. Ziko mbili, zote za Waitaliano, zilizotengenezwa haraka baada ya Cameron kuvuna fedha na tuzo 11 za Oscar. Moja ni ya Orlando Corradi ya 1999, nyingine ya Camillo Teti iliyoifuata. Ya Teti ina mbwa anayeimba rapu ndani ya Titanic, miaka mingi kabla rapu haijazaliwa, na ina binti mwenye mama wa kambo na dada wawili wabaya, waliochukuliwa wazimawazima kutoka hadithi ya Cinderella. Midomo haiendani na maneno. Picha ileile inarudiwa na kurudiwa. Ya Corradi ni ya ajabu zaidi: panya babu anawasimulia wajukuu zake jinsi papa wahalifu walivyomlaghai pweza mkubwa mpole arushe mlima wa barafu mbele ya meli. Pweza anagundua kuwa amedanganywa, anaikumbatia meli inayokatika ili watu wapate muda wa kutoka, na mwisho wote wanapona. Wote, hata panya.

Mbwa alipoanza kuimba, watoto walisimama juu ya mabenchi wakacheza naye. Hawakuona ubaya wowote wa michoro, na mimi niliyekuwa mkubwa kwao kidogo sikuuona. Lakini pweza alipoikumbatia meli, kelele zilipungua. Mama mmoja wa mtaani, ambaye mdogo wake alikwenda na MV Bukoba, alikuwa mlangoni amekuja kumfuata mwanawe. Akauliza, "Kwa hiyo hapa wamepona wote?" Watoto wakamjibu kwa pamoja, ndiyo, wote. Akakaa mwisho wa benchi akaitazama mpaka ikaisha.

Mzee mmoja mstaafu wa reli hakushangazwa na meli kushikiliwa. "Wanangu," alisema, "Goetzen tuliipitisha hapa hapa Tabora. Wajerumani wakaizamisha wenyewe vitani, Waingereza wakaja kuitoa, na leo ndiyo Liemba inayobeba watu Kigoma." Alikuwa sahihi. Ilizamishwa Julai 1916 kwenye mdomo wa mto Malagarasi, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Katika mji wenye habari kama hiyo, pweza hakuonekana uongo mkubwa.

Siku hizi watazamaji ni wengine. Vibanda vimebaki kwa ajili ya mpira wa Ulaya, na katuni zile zinatazamwa kwenye simu, vipande vya dakika moja moja. Vijana wa Tabora wanaotumiana vipande hivyo wanajua zimeshasemwa duniani kote kuwa miongoni mwa filamu mbovu kabisa kuwahi kutengenezwa, hivyo wanaingia wakiwa tayari kucheka. Wanahesabu makosa. Nimekaa nao, na ni kweli zinachekesha. Yule mbwa hana utetezi.

Hata hivyo naona watazamaji wale wa kwanza walizitazama vizuri zaidi. Kasoro kubwa ya katuni ya pweza ni kwamba imewafuta waliokufa, na kasoro hiyo waliiona upesi zaidi wale waliokuwa na marehemu wao majini. Yule mama aliiona kwa swali moja. Vijana wa leo wanaona midomo isiyoendana na maneno, lakini swali lake halijawajia, ingawa nao wana msiba wao: Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa.

Mzazi unayemwekea mwanao katuni hizi, mwache amcheke mbwa na ampende pweza. Zikiisha, mwambie kuwa kwenye Titanic yenyewe walikufa watu wapatao 1,500, na kwamba wengi wa ndugu zetu wa MV Bukoba wamezikwa Igoma, Mwanza. Ukipita huko, mpeleke akayaone makaburi.