Mlo wa Nyumbani na Mizani

Wenzetu wanaofundisha madarasa ya mwanzo wanajua jinsi vivumishi hivi viwili, -nene na -embamba, vinavyofundishwa kwa pamoja, kama vile -refu na -fupi. Mwalimu huchora ubaoni watu wawili, mmoja kama pipa na mwingine kama ufito, wanafunzi wakacheka, na somo likaendelea. Lakini tukitoka katika vivumishi tukaingia katika vitenzi, usawa huo hauonekani tena. Mtu aliyenenepa husemwa kuwa amenawiri na mambo yake yamemnyookea. Aliyekonda huulizwa ana nini. (Mnyama naye hunona, lakini hilo ni neno la mchinjaji, nasi tuliache huko.) Katika Luganda, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani kwetu hapa Lubaga, mambo ni yayo hayo: mtu aliyerejea kutoka safari ya mbali huambiwa Ogezze!, yaani umenenepa, naye hulipokea neno hilo kwa furaha kama zawadi. Okukogga, ndiko kukonda, hakuna anayeambiwa kwa furaha.

Tunaanza na maneno kwa sababu ndiyo kazi yetu, na kwa sababu ya pili iliyo nzito zaidi. Tulipoamriwa na daktari tupunguze uzito, tulitafuta kitenzi cha kumwambia mama yetu mzazi, ambaye tunaishi naye, wala hatukukipata.

Hesabu yenyewe ilikuwa wazi. Kimo chetu ni mita 1.70, na siku ile mizani ilionyesha kilo 92. Watabibu huchukua uzito kwa kilo, wakaugawa kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Jawabu likifika 25 mtu amezidi, likifika 30 amekuwa mnene wa kuhadharishwa. Letu lilikaribia 32, na damu nayo ilikuwa imepanda. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Uganda wana shinikizo la damu, kwa hiyo hatukuwa peke yetu. Ila kuwa wengi si dawa.

Tulipewa karatasi yenye orodha ya vyakula. Tuliisoma kama tunavyosoma insha ya mwanafunzi, kalamu mkononi. Mlikuwa na uji wa nafaka ambayo hailimwi kwetu, samaki wa bahari zisizo zetu, na mboga ambayo hatujapata kuiona katika soko la Nateete. Matoke hayakutajwa kabisa, hata kwa kukatazwa. Ni dhahiri kwamba aliyeiandika alimfikiria mtu anayejipikia mwenyewe, akala peke yake, akapima chakula chake kwa kikombe. Nyumbani kwetu hula watu saba kutoka sufuria moja.

Yafaa hapa tueleze kidogo chakula chetu, kwa ajili ya wasomaji wa pwani na wa mbali. Mganda hutenga mambo mawili yasiyochanganyika: emmere na enva. Emmere ndicho chakula chenyewe, na kwa desturi ni matoke. Enva ni kila kinachosindikiza, iwe nyama, samaki, maharage, karanga za kusaga au majani. Kiswahili cha pwani kina neno kitoweo, nalo lakaribia enva, lakini kwetu mpaka ni mkali zaidi. Mgeni aliyeshibishwa wali na kuku aweza kurudi kwao akasema kwamba hakula chakula. Ndizi humenywa, zikafungwa katika majani ya mgomba, zikapikwa kwa mvuke, zikapondwa zingali ndani ya majani yake, kisha zikarudishwa motoni ziive taratibu mpaka ziwe laini na rangi ya manjano. Hakuna tone la mafuta katika kazi hiyo yote. Hali kadhalika luwombo, nyama au kuku aliyefungwa pamoja na mchuzi wake ndani ya jani changa la mgomba lililobabuliwa, ambayo husimuliwa kuwa ilibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga katika miaka ya 1880: nayo hupikwa kwa mvuke. Twasema haya kwa sababu mara nyingi husikika watu wakikilaumu chakula cha wazee kwa vitambi vya leo. Wazee hawakujua kukaanga. Chapati iliyoviringiwa mayai, ambayo vijana wa Kampala huiita rolex, mandazi ya saa nne, viazi vya kukaanga vya jioni barabarani, hivyo vyote vilikuja baadaye, navyo haviliwi mkekani pamoja na jamaa. Huliwa tukiwa njiani, tukiwa tumesimama.

Mwalimu mwenzetu mmoja, kwa nia njema, alitushauri tule mapema, peke yetu, chakula chetu mbali na cha wengine. Tulikataa papo hapo. Katika nyumba ya Kiganda mlo ni baraza. Pale ndipo watoto wanaposimulia ya shuleni, ndipo mama anapouliza habari za jamaa, na ndipo kila mmoja anapomshukuru mpishi kwa kumwambia weebale okufumba, ahsante kwa kupika. Mtu mzima anayejitenga na mlo huo ama ana ugomvi, ama ana ugonjwa.

Na ugonjwa ndio hasa tuliouogopa. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikua pamoja na UKIMWI. Mwaka 1982 ulitambuliwa kwanza nchini mwetu katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai, na mwaka 1985 jarida la utabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha makala kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiitwa na wenyeji Slim, kwa kuwa uliwakondesha watu. Tazameni njia ya neno hili: katika lugha lilikotoka ni sifa ya umbo jembamba la kupendeza, watu huko hulipa fedha walipate, lilipovuka likawa silimu, nalo likawa jina la mauti. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba alikuwa na ugonjwa huo, taifa likamtazama akipungua siku hadi siku mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure kwa wingi mwaka 2004 tu. Kwa miaka ishirini na zaidi, basi, katika nchi hii kukonda kulikuwa ni kauli. Hata karibu na mwaka 2020, Rais Museveni alipoonekana amepungua, uvumi ulienea, ikambidi aeleze hadharani kwamba alijipunguza kwa hiari yake. Ikiwa Rais hutakiwa maelezo, mwalimu wa lugha atakwepaje?

Mama yetu alimzika mwanawe wa kwanza, kaka yetu, mwaka 1993.

Miezi miwili baada ya ile karatasi, suruali zilianza kutulegea. Tulitoboa tundu jipya katika mkanda kwa msumari uliopashwa moto, tukaenda zetu kazini. Jioni tulipofika, mkanda wa pili, ambao nao tulikuwa tumeutoboa, haukuwapo ukutani tulipouacha. Mwenzetu wa nyumbani alitueleza kwamba mama aliuchukua, akaketi nao barazani muda mrefu akipitisha kidole juu ya tundu lile, kisha akamwuliza, “Mke wa mwanangu, mnanificha nini?” Kaka yetu naye, miaka ile, alitoboa mkanda wake kwa msumari.

Usiku ule tulikwenda kuketi karibu naye. Tulimweleza habari ya damu, ya mizani, ya hesabu ile ya kimo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kaka yako naye alisema ni malaria.” Kesho yake tulikwenda kupima, tukamletea cheti. Alikitazama mbele na nyuma, akaturudishia kwa adabu kama mtu anayerudisha kitabu cha lugha asiyoijua. Wala si kwamba hajui kusoma. Vyeti alikwisha kuviona vingi.

Lakini tuligundua kwamba kulikuwa na kitu kingine alichokisoma kila siku, nacho ni sahani yetu. Waliouguza watu miaka ile wanalikumbuka jambo hili vizuri: mgonjwa alianza kwa kukitazama chakula tu. Mdomo ulijaa vidonda, ladha ilitoweka, matoke yalipoa mbele yake, naye akisema ameshiba. Kukonda kulikuja baadaye. Ishara ya kwanza ilikuwa ni mtu kukosa furaha ya kula. Kwa hiyo mama hakuwa akipima kiasi gani tumekula. Alikuwa akitazama iwapo twapenda kula.

Hapo ndipo njia yetu ilipopatikana, nayo haimo katika karatasi yo yote. Ilitubidi tupungue huku tukila kwa raha mbele ya jamaa wote, tukinawa mikono wa kwanza, tukikaa hadi mwisho, tukisifu kilichostahili sifa. Na kwa kuwa mama ndiye anayeponda matoke na ndiye anayegawa, tulimkabidhi yeye jambo lote. Tulimwambia kwamba daktari ameomba emmere ipungue nusu, na enva za majani ziongezeke maradufu. Alicheka, mara ya kwanza katika wiki nyingi, akasema daktari huyo anataka kufuga sungura. Kisha akanyamaza akifikiri. Siku iliyofuata alimtuma mjukuu wake sokoni kununua nakati, mboga chungu kidogo ambayo yeye aliilima kwa mama yake Masaka, pamoja na dodo na nyanya chungu za kuchemsha. Akaanza kutupimia kwa mkono wake: kipande kimoja cha matoke pale palipokuwa na viwili, na kilima cha majani kando yake. Sahani ilionekana imejaa. Watoto waliona wivu, wakadai nao.

Mchuzi wa karanga ulileta mjadala. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na gramu moja ya mafuta humpa mwili nguvu zaidi ya maradufu ya gramu moja ya wanga. Mama hakuafiki kwamba kitu kitamu namna hiyo kina hatia. Tulipatana uwe mara mbili kwa wiki, na siku hizo tunaula bila kuomboleza.

Kilichobaki tulikifanyia nje ya nyumba, mahali ambapo hakuna wa kuhuzunika. Chai ya shule, mathalani. Tulikuwa na desturi ya vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai huchukua kama gramu nne. Hivyo ni gramu 48 kwa siku, na kwa mwezi karibu kilo moja na nusu. Tulipoiandika hesabu hiyo kwenye ubao wa chumba cha walimu, wenzetu wawili walisukuma vikombe vyao kando, na mmoja alitukasirikia hadi Ijumaa. Sasa twanywa chai kavu bila sukari. Wiki mbili za mwanzo ni chungu, baadaye ulimi husahau. Mandazi ya saa nne tuliyaaga pamoja na sukari. Na kwa kuwa shule iko upande wa Mengo, twaenda na kurudi kwa miguu badala ya bodaboda. Jioni kilima cha Lubaga hakina huruma kwa mtu wa kilo 92. Mwanzoni tulisimama mara tatu kabla ya kufika usawa wa kanisa kuu, lile lililowekwa wakfu mwaka 1925, tukijisingizia kwamba twatazama minara yake. Siku hizi twafika juu bila kusimama, na minara hatuna haja nayo, Mungu atusamehe.

Twaamini kwamba kilima hiki kilimfariji mama kuliko cheti cha hospitali. Alituona siku moja tukipanda huku tumembeba mjukuu wake mdogo mgongoni. Hakusema kitu. Lakini mkanda ulirudi ukutani.

Kuhusu kitenzi, bado tuna tatizo. Kukonda hatukutaki, kupungua ni neno la maji ya kisima na la mshahara, kupunguza uzito ni la kitabibu, halisemeki mkekani. Mama amejitungia lake. Majirani wakiuliza, huwajibu kwa Luganda kwamba mwanawe amekuwa mwepesi. Wepesi, basi. Tumeanza kulitumia darasani, na wanafunzi wamelipokea bila kucheka.

Mizani sasa yasema kilo 84, na ile hesabu imeshuka hadi 29. Daktari ataka tufike 80. Mama asema 84 zatosha, na kwamba mwili ukizidi hapo kuwa mwepesi majirani watarudi kuuliza. Mashauri hayo huendeshwa aghalabu Jumapili mchana, baada ya misa, luwombo ikiwa imefunguliwa katikati yetu na mvuke wake ukipanda. Na hadi tunapoandika haya hakuna upande ulioshinda.