Nyota Yenye Mkia Juu ya Kasubi

Sisi tuliokuwa watoto wa shule mjini Kampala mwaka 1986 tuliikosa nyota ya Halley. Majeshi ya NRA yaliuteka mji tarehe 26 Januari. Majuma mawili baadaye, tarehe 9 Februari, nyota hiyo ikafika karibu kabisa na jua. Mwalimu wetu alikwisha kutuahidi kuwa tungeiona. Lakini mama zetu walikuwa na desturi waliyoipata kwa miaka mingi ya hofu: giza likiingia, mlango hufungwa na taa huzimwa. Nani angemruhusu mtoto atoke kutazama mbingu? Na sauti tulizozizoea kuzisikia nje usiku, kwenye vizuizi vya askari, zilikuwa za Kiswahili: "Simama!" "Fungua!" Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyokutana na lugha ambayo leo tunaifundisha. Halley haitarudi hadi mwaka 2061, na hatutarajii kuwapo.

Basi ilipotujia nyota nyingine, Oktoba 2024, tuliazimia tusiikose. Hii iliitwa Tsuchinshan-ATLAS, kwa kuwa iligunduliwa mwaka 2023 na vituo viwili, kimoja cha China na kingine kilichoko Afrika Kusini. Mtaalamu mmoja alitabiri kuwa ingesambaratika kabla ya kulifikia jua. Haikusambaratika. Ililizunguka jua tarehe 27 Septemba, kisha ikazidi kung'aa siku baada ya siku. Sababu yake yaeleweka kwa mtu yeyote aliyepata kuona vumbi likielea dirishani asubuhi: ukilitazama hali jua liko nyuma yake, kila chembe hung'aa. Vumbi la nyota hiyo lilipita baina yetu na jua, likatumulikia.

Oktoba ni mwezi wa mvua kwetu. Jioni mbili tulipanda kilima cha Makerere pamoja na wanafunzi wachache, tukarudi tumelowa. Jioni ya tatu mawingu yalipasuka upande wa magharibi. Kamera yetu ilikuwa ya kuazima, na kiweko chake hatukuwa nacho, kwa hiyo tuliilaza mezani juu ya kamusi mbili. (Kamusi zina kazi nyingi.) Saa moja na robo umeme ukakatika mtaa mzima, yafaa tukiri kwamba siku hiyo hatukunung'unika. Zuhura ilikuwa imewaka upande wa kushoto, na juu ya kilima cha Kasubi, walipozikwa Makabaka, tukaiona: ukungu mweupe uliosimama, mkia umeelekea juu, mbali na jua lililokwisha kuzama.

Picha ya kwanza tuliiachia sekunde ishirini, nyota zote zikatoka vistari, maana dunia haimngojei mpiga picha. Kwa sekunde nane mkia ulitokea mrefu kuliko tulivyouona kwa macho.

"Mwalimu, hii yaitwaje kwa Kiswahili?" mtoto mmoja akauliza.

Tukajibu upesi, "Kimondo."

Msichana mmoja akatupinga kwa adabu. Kimondo, alisema, ni kile kinachopita mbio na kuzimika, au jiwe lililoanguka, kama lile la Mbozi kule Tanzania. Hii haipiti mbio, wala haijaanguka. Alikuwa na haki, nasi tuliona haya. Tukawapa "nyota yenye mkia". Mwingine akadai kuwa hiyo nayo si kweli, kwani tuliwafundisha wenyewe kwamba kitu hicho ni barafu na vumbi, si nyota. Wengine wakataka "kometi". Ubishi ukapamba moto gizani, wote kwa Kiswahili, wala hapana aliyepunguza sauti.

Tukainuka ili tutazame kamusi moja, tukisahau kuwa kamera ilikuwa juu yake.

"Simama, Mwalimu!" wakapaza sauti wote pamoja. "Usiguse meza!"

Tukasimama.