Juu ya Kilima cha Tosamaganga

Msomaji mpendwa, ukitoka huku Mikocheni alfajiri na kufuata njia ya Morogoro, yakupasa kwenda karibu kilometa 500 hata kufika Iringa. Pale mlima Kitonga basi hupanda kwa kuugua. Tazama mbele, usitazame bondeni!

Lakini usiishie mjini. Endelea hata Tosamaganga, si mbali. Hapo utastaajabu: juu ya kilima, katika nchi ya Wahehe, pana kanisa kubwa na nyumba za mapaa ya vigae vyekundu, kana kwamba kipande cha Italia kimehamia kwetu. Wabenediktini Wajerumani ndio walioanza misioni hii, kisha Vita Kuu ya 1914–1918 ikawaondoa. Mwaka 1919 wakaja kutoka Kenya Waitalia, wamisionari wa Konsolata, shirika alilolianzisha Padre Giuseppe Allamano mjini Torino mwaka 1901. Yeye mwenyewe hakukanyaga Afrika kamwe, ila aliwatuma wanawe. Alitangazwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Nawe mzazi, wafikiri akina mama wa Italia walioagana na vijana wao, wasijue kama watawaona tena. Wengi walizeeka huku, wakafa huku. Siku hizi safari imegeuka: Watanzania nao wamo katika shirika hilo, na wengine wametumwa ng’ambo. Pengine mama mmojawapo ni jirani yako. Mwulize habari za mwanawe.

Ukienda Juni au Julai, chukua sweta. Baridi ya Iringa haina huruma.