Mlango wa Chumba cha Uzazi

Katika mambo mengi yaliyobadilika mbele ya macho yangu tangu nilipoanza kazi ya ukunga katika nyanda za juu za Kigoma, mengine makubwa kama barabara na umeme, mengine madogo kama kitu cha kufungia kitovu cha mtoto, hakuna hata moja ninalolitafakari zaidi, sasa nikiwa nimestaafu na nina wasaa wa kutafakari, kuliko jambo la mlango wa chumba cha kujifungulia: nani aliruhusiwa kuupita pamoja na mama mwenye uchungu, na nani aliamriwa abaki nje.

Nilipangiwa kazi Kasulu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha nikahamishiwa Kibondo, wilaya mbili ambazo wakati ule zilikuwa pana mno, kwani Buhigwe ilikuwa bado sehemu ya Kasulu, na Kakonko sehemu ya Kibondo, hata zilipotengwa zikawa wilaya zenyewe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, ya migomba, maharage na mihogo, yenye asubuhi za baridi zinazomshangaza mgeni atokaye pwani. Na barabara yake, itokayo Kigoma ikapita Kasulu na Kibondo kwenda Nyakanazi, ilikuwa ya udongo mwekundu ambao wakati wa mvua uliyashinda malori, sembuse vijana waliombeba mgonjwa mabegani kwa machela. Hospitali zilizotajwa vijijini kwa taadhima zilikuwa Kabanga, ya Wakatoliki, karibu na mji wa Kasulu, na Heri, ya Waadventista Wasabato, upande wa Manyovu. Vijiji vilivyokusanywa katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 vilikuwa vimeanza kupata zahanati, na ndani ya zahanati aghalabu palikuwa na msaidizi mmoja wa afya ya mama na mtoto, taa moja ya chemli, beseni, na mkasi wa kuchemsha. Lakini akina mama wengi walijifungulia nyumbani, kama mama zao walivyojifungulia.

Uzazi ule wa nyumbani niliuona kwa macho, hususan nilipoitwa usiku kwa sababu jambo lilikuwa limeharibika. Mama alikuwa amepiga magoti, ameshika nguzo ya nyumba au shingo ya shangazi yake. Nyuma yake ameketi mama mkwe, magoti yake yakiwa tegemeo la mgongo wa mwenye uchungu. Mkunga wa jadi yuko mbele. Na pembeni wapo wanawake wawili watatu wasio na kazi ya dhahiri, wakichochea moto, wakizungumza habari za shamba, wakinyamaza kila uchungu unapopanda na kuendelea pale pale walipoachia unaposhuka. Walipozaliwa pacha, majina yalikuwapo kabla yao, Bukuru na Butoyi, na kila mwanamke aliyekuwa ndani alijihesabu kuwa na sehemu katika kuwapokea. Sisemi haya ili kuupamba uzazi wa nyumbani. Katika nyumba zile zile niliona kondo la nyuma lililokwama tangu alfajiri, niliona kifafa cha mimba kikidhaniwa kuwa pepo, na wamekufa wanawake wakiwa mikononi mwa akraba zao wote, kwa maana mapenzi hayazuii damu. Kwa hiyo niliwahimiza waje kwetu, na hata leo nawahimiza.

Walipokuja kwetu, tuliwafungia mlango akraba zao. Hii ilikuwa ndiyo desturi katika kila mahali nilipofunzwa na nilipofanya kazi, wala haikuwa na nia mbaya ndani yake. Chumba kilikuwa kimoja, vitanda vitatu au vinne bila pazia, na kumwingiza mama mkwe wa huyu kulikuwa kumwondolea sitara yule. Tuliogopa uchafu wa miguu iliyotoka njiani. Fauka ya hayo, na hii ndiyo sababu iliyotutia hofu zaidi, tuliogopa mitishamba ya kuharakisha uchungu iliyoletwa ndani ya chupa za chai na kunyweshwa kwa siri, ambayo humfanya mama apate uchungu mkali usiopumzika, hata mji wa uzazi ukaweza kupasuka. Basi bibi aliyetembea usiku kucha na binti yake alipofika kizingitini aliambiwa, kwa upole au kwa ukali kulingana na uchovu wa muuguzi, atoe khanga, ndoo na kadi ya kliniki, kisha akangoje nje barazani, na binti akaingia peke yake.

Ninalikumbuka jambo hili zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Ndani, mama aliye peke yake huita, na aghalabu humwita mama yake. Nje, chini ya madirisha, mama yake huitika. Muuguzi aliye zamu ya usiku, mwenye wazazi watano na mikono miwili, hupita kati yao akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu, akipima njia imefunguka sentimita ngapi, akijaza patografu, karatasi ile yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, iliyobuniwa na Hugh Philpott na wenzake kule Rhodesia na kuchapishwa mwaka 1972, nayo ni karatasi iliyookoa roho nyingi, kwa kuwa humwonyesha hata mkunga wa zahanati ya mbali kwamba saa ya kumpeleka mgonjwa hospitali imewadia. Lakini patografu haina nafasi ya kuandika kwamba mama anaogopa. Na muuguzi huyo, hata awe na moyo wa huruma kiasi gani, hawezi kuketi.

Wataalamu Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 kwamba ucheleweshaji unaoua wazazi ni wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mintarafu ya ule wa kwanza, tulizoea kuwalaumu waume, umaskini na ujinga. Lakini nilimwona mwanamke mmoja, mtu wa kijiji cha mbali upande wa mto Malagarasi, aliyefika hospitali mapema kabisa, jioni, akakaa chini ya mti ng'ambo ya uzio pamoja na mama yake, akauvumilia uchungu pale hadi usiku wa manane, akavuka uzio wakati kichwa cha mtoto kilipokuwa kinaonekana. Nilipomuuliza asubuhi kwa nini hakuingia, ilhali taa yetu aliiona, alinijibu bila kinyongo: "Sista, ndani mngenitenga na mama." Alijifungua salama, na mtoto alikuwa wa kiume, mwenye afya. Jibu lake limekaa nami miaka yote hii, kwani wako wengi waliochelewa kwa sababu hiyo hiyo ambao sikuwahi kuwauliza, na katika vitabu vyetu waliandikwa tu: amefika akiwa katika hatua ya pili.

Kisha wakaja wakimbizi. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, na kwa wingi zaidi kuanzia mwaka 1996, wilaya ya Kibondo ilijaa kambi, Kanembwa, Mtendeli, Nduta, na Kasulu ilikuwa na Mtabila na Muyovosi, na Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Sisi tunaosema Kiha tulielewana na Warundi bila mkalimani, maadamu lugha zetu ni ndugu, na Wakongo walikuja na Kiswahili chao cha Kivu. Hivyo tuliambiwa mambo ambayo muuguzi mgeni asingeambiwa. Katika kambi nilizofanya kazi niliwapokea wazazi ambao hapakuwa na mtu wa kumzuia mlangoni, kwa sababu mama, shangazi na mama mkwe walikuwa wameachwa Burundi, wengine wakiwa hai na wengine la. Nafasi yao ilichukuliwa na wanawake wa kambini, wengi wao wakunga wa jadi walioelekezwa wasizalishe tena, wamlete mzazi kituoni. Walimleta, na kwa vile wauguzi tulikuwa wachache na mahema yalikuwa mengi, hakuna aliyewaambia watoke. Wakabaki. Hapo ndipo nilipoona, zamu baada ya zamu, kwamba mama mwenye mtu wa kumsugua mgongo hutembea badala ya kulala chali, hunywa uji, huenda haja ndogo anapokumbushwa, hasukumi kabla ya wakati, na damu ikizidi baada ya kujifungua, yuko mtu wa kupiga kelele hata kama mimi niko kitanda cha tatu.

Nilikuja kufahamu baadaye, katika semina, kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha kupimwa na wenye elimu. Mwaka 1980 Sosa, Kennell, Klaus na wenzao walichapisha habari za akina mama wa Guatemala, ambao waliofuatwa na mwanamke wa kuwatuliza walijifungua kwa muda mfupi zaidi na kwa matatizo machache. Na mwaka 1999 Madi na wenzake walionyesha jambo la namna hiyo Botswana, pale ambapo ndugu wa kike wa mzazi mwenyewe aliruhusiwa kuingia. Habari ya Botswana ilinigusa kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa ndugu yule hakuwa mtaalamu wa chochote. Alikuwa ni mtu wake.

Mengine yalibadilika pia, nami nayapita haraka kwa kuwa yamekwisha kuandikwa na wajuzi kuliko mimi. Ergometrini iliyotaka ubaridi na giza ilipisha oksitosini, inayochomwa pajani mara mtoto anapozaliwa; magnesiamu ilichukua mahali pa diazepamu kwa wagonjwa wa kifafa cha mimba, baada ya utafiti wa nchi nyingi wa mwaka 1995; dawa za kumkinga mtoto na virusi vya UKIMWI zilifika hadi zahanati. Kuanzia mwaka 2006 mradi uliofadhiliwa na wakfu wa Bloomberg, ambao baadaye uliendelezwa na shirika la Thamini Uhai, ulisaidia kuvijengea vituo vya afya vya mkoa wetu vyumba vya upasuaji na kuwafundisha madaktari wasaidizi na wauguzi kupasua na kutoa usingizi, hata mama aliyekwama asilazimike tena kusafirishwa siku nzima. Akina mama wakaja kwa wingi. Mkoa ambao wazazi wengi walijifungulia nyumbani ukawa mkoa ambao wengi hujifungulia vituoni. Na wingi huo, ambao ni neema, ukamfanya muuguzi wa zamu kuwa haba kuliko alivyokuwa, na mama kuwa mpweke zaidi katikati ya watu wengi zaidi.

Ndipo mwaka 2016, shirika hilo la Thamini Uhai likishirikiana na serikali, ulipoanza katika baadhi ya vituo vya Kigoma mpango wa wasindikizaji wa uzazi: wanawake wa jirani, waliopewa mafunzo mafupi, wakakaa zamu kituoni ili mama anayetaka awe na mtu kando yake. Wauguzi wengi walikuwa na mashaka mwanzoni, wakidhani wameletewa wapelelezi wa kazi yao. Mashaka yale hayakudumu, kwa sababu msindikizaji alipunguza kazi: alichota maji, alimshika mama mkono, alituita kwa wakati. Jambo jingine lilitokea ambalo wasimamizi hawakulitazamia sana, nalo ni kwamba mbele ya mtu wa tatu ulimi wa muuguzi mchovu ulilainika. Akina mama walipoulizwa walisema wahudumu walikuwa wema zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila mzazi awe na msindikizaji amtakaye, tangu uchungu unapoanza hadi anapojifungua. Nilisoma pendekezo lile nikiwa karibu kustaafu, nikamkumbuka yule mwanamke wa ng'ambo ya uzio.

Wakunga vijana hunijia nyumbani kuniuliza juu ya mitishamba, nao wana haki ya kuuliza, kwa kuwa hatari yake haikuondoka. Mimi huwajibu kwamba bibi aliyefungiwa nje hunywesha kwa siri, ama bibi aliyeketi ndani, akaonyeshwa patografu na kuelezwa kwa Kiha kwa nini uchungu haupaswi kuharakishwa kabla ya kuupima, aghalabu huitoa chupa mwenyewe na kuiweka mezani.

Sasa limezuka jambo jipya, la waume. Vijana wanaowaleta wake zao kwa pikipiki, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa imekuwa lami, hawataki kuketi barazani kama baba zao. Wanaomba kuingia, na baadhi ya wake wanawataka wao kuliko mama mkwe. Naliunga mkono ombi lao kwa moyo wangu wote, lakini chumba bado ni kimoja, na mwanamke wa kitanda cha pili hakumchagua mume wa mwenzake. Kamati ya kituo chetu cha afya, ambayo imenifanya mjumbe katika ustaafu wangu, imekubali kutenga fedha kwa ajili ya mapazia kabla ya mvua, na fundi amekwisha kuja na futi yake. Alikuwa amepima urefu na upana wa vitanda. Nimemwomba apime upya, vyuma vizunguke kitanda pamoja na kiti kimoja, kwani pazia lililokatwa kwa kipimo cha kitanda peke yake litamwacha msindikizaji nje tena.